Ufa Chini ya Masizi

Ijumaa, 2 Agosti 2024

Nimekitoa stoo leo. Chungu cha chuma cha Mama. Tangu tulipomzika sijakigusa. Nilikuwa napita mlangoni nikijifanya sikioni, na chenyewe kimekaa kona na miguu yake mitatu na masikio mawili, kinanitazama.

Kinanuka! Mafuta ya zamani yameoza, panya wamefanya choo, na utando mweusi umekizingira nje na ndani, mnene kuliko ukoko wa wali. Ukigusa kwa kisu unabanduka magamba magamba. Na Jumamosi ijayo kinatakiwa Nyandira, kwa Bibi, mbele ya ukoo mzima. Tunaanua matanga ya Mama. Watu watapikiwa maharage humo, halafu jina la Mama apewe mtu. Mtu mwenyewe ni mimi — nikijibu vizuri.

Acha niandike, nikiandika moyo unatulia kidogo. Kwetu ukoo huenda kwa mama, na chungu hufuata jina. Kilikuwa kwa Bibi, akampa Mama, sasa zamu yangu. Kabla chakula hakijapakuliwa Mjomba Dominiko, kaka yake Mama, anasimama na kuuliza mara moja tu, watu kimya: "Chungu ni kizima?" Anayepokea anajibu: "Ni kizima." Basi! Ukishasema hivyo umelichukua jina, na shamba la Mama pale chini ya mfereji, na watu wazima kukuzidi watakuita mama. Ukibabaika, jina linakwenda kwa Scholastika, binti wa mama mdogo. Scholastika nampenda, hajanikosea kitu. Lakini jina la mama yangu liende nyumba nyingine na mimi nipo hai?

Sasa mimi, mtengeneza sabuni wa huku mjini Mafiga, nipande mlimani Nyandira na chungu kinachonuka panya? Watani watanimaliza. "Kinyozi hajinyoi," wataimba mpaka wapewe kuku. Kostiki ya sabuni ninayo, pipa la plastiki ninalo, glavu ninazo. Kinaingia leo leo. Nikitoe kiking'aa, waone.


Jumapili, 4 Agosti

Nimetoka misa nikaenda moja kwa moja kwenye pipa, hata nguo ya kanisani sijavua. Kostiki imekula kila kitu. Utando wote umegeuka uji mweusi chini ya pipa. Nikasugua kwa stilwaya, nikasuuza, nikasugua tena — na chuma kikatoka. Kijivu! Miaka yote nimeamini chungu hiki ni cheusi.

Nikafurahi. Nikaita mpaka Mwanvita, jirani yangu, aje aone. Akasimama pale na mikono ina unga wa maandazi, akasema, shoga, hicho umekivua nguo kabisa, kifunike basi kisione haya. Tukacheka.

Kicheko hakikufika mbali. Wakati bado tunacheka kikaanza kubadilika rangi mbele ya macho yetu. Maji hayajakauka vizuri, tayari vumbi la kutu la rangi ya chungwa limekitanda chote! Nikakimbilia jikoni, nikakiweka juu ya mkaa kikauke, nikakipaka mafuta ya alizeti. Kutu ikafutika kwenye kitambaa. Nikapumua.

Halafu nikaanza kukiangalia vizuri. Afadhali nisingeangalia. Ndani kuna vishimo vidogo vidogo, vimejaa kama ndui. Upande mmoja wa chini una wekundu ambao hautoki hata kwa stilwaya. Mikwaruzo ya miko, hiyo najua, Mama alikuwa na mkono mzito. Lakini nilipokipindua — chini, katikati ya miguu mitatu, kuna mstari. Mrefu kama kidole changu cha kati. Umenyooka.

Nimeupitishia ukucha. Unahisika.

Ni ufa? Nilikuta ufa au nimeufanya mimi? Nilikiangusha? Hapana, sikukiangusha. Nilikigonga kwenye ukingo wa pipa wakati nakitoa. Nilikigonga kidogo tu! Tena glavu zilikuwa zinateleza. Au ni kostiki? Au ni ule mkaa, chungu kibichi juu ya moto mkali?

Mwanvita anasema kesho nimpelekee Abeid, mume wake, ndiye mwenye karakana ya kuchomelea pale juu ya barabara. Leo Jumapili amelala. Nilitaka akaamshwe. Mwanvita akasema mume wangu si daktari wa zamu.


Jumatatu, 5 Agosti

Asubuhi nimekifunga kwenye kanga, nikakibeba kichwani mpaka kwa Abeid. Njiani kila anayenisalimia naona kama anajua.

Abeid hana haraka na kitu. Ameacha geti la mtu nusu, akakaa juu ya ndoo, akakipindua chungu mapajani kama mtoto wa kubadilishwa nepi. Akaangalia ule mstari wa chini. Akacheka! Akasema dada Jesca, huu si ufa, ni kovu la kuzaliwa. Chuma hiki kilimiminwa kikiwa maji, na hapa ndipo pale kilipomiminiwa, kisha wakakata kipande kilichobaki nje. Akaniambia nipitishe ukucha tena kwa utaratibu. Kweli — mstari umeinuka, haukuzama. Jana kwa hofu sikujua hata juu na chini.

Nilitaka kumkumbatia. Ni mume wa mtu, nikajizuia.

Nikamwuliza vishimo je. Akasema vishimo ni uzee, kutu ya zamani ilishakula ikaacha, ukikipika na mafuta vitajaa. Wekundu? Moto wa kuni mwingi sana mahali pamoja, hausafishiki, lakini haudhuru. Mikwaruzo hata hakuitazama. Nikaanza kufungua kanga nikifungashe niondoke zangu.

Akasema subiri nikisikilize.

Akapitisha kamba kwenye masikio, akakining'iniza kwenye bomba la paa, akakigonga kwa mpini wa nyundo. Upande huu: ngaaa, sauti ndefu kama kengele ya kanisa. Akakizungusha. Ngaaa. Akakizungusha tena, karibu na sikio la kushoto: ko.

Ko, basi. Kama kugonga ubao.

Alichukua mafuta ya taa akapaka ndani upande ule, akaacha, nikamnunulia chai akanywa, halafu akafuta, na nje akapaka unga wa chaki. Tukakaa tunatazama. Kwanza hakuna. Halafu kwenye ule weupe ukaanza kutokea mstari mwembamba wa majimaji, mwembamba kuliko unywele, unashuka kutoka chini ya sikio, unapinda, unafika karibu na tumbo la chungu. Unajichora wenyewe!

Huo sasa ndio ufa, akasema. Kwa sauti ya chini, kama tuko hospitali.

Nikamwambia achomelee. Akakataa. Anasema chuma cha namna hii ukikipiga moto wa kuchomelea kinapasuka pembeni, unaanza na ufa mmoja unamaliza na mitatu. Akanigongea alama ndogo kwa msumari mwisho wa ufa, nione kama unatembea. Nikamwuliza, ni mimi? Ni kostiki yangu? Akasema kostiki haipasui chuma. Ule mkaa wa jana, labda. Au ulikuwepo tangu zamani, masizi yakaufunika. Hawezi kujua.

Hawezi kujua! Na mimi nitajuaje?


Jumanne, 6 Agosti

Bibi amepiga simu. Ametumia ya Scholastika, kwa kuwa simu yake mwenyewe haishiki mtandao mpaka apande kwenye kanisa.

Shikamoo Bibi. Marahaba, umeamkaje, watoto, na sabuni zako. Ameulizia kila kitu. Nikajua kuna jambo linakuja nyuma. Akasema, chungu je? Nikasema kipo, nimekisafisha. Akauliza: umekisafisha mpaka karibu na sikio la kushoto?

Nimeshikwa na baridi, na nilikuwa juani.

Nikasema hapana Bibi, nimefuta futa tu vumbi. Limenitoka hivyo hivyo! Mwanamke wa miaka arobaini, namdanganya bibi yangu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akasema haya, vizuri, pale usipaguse. Akampa Scholastika simu. Scholastika kafurahi mpaka anapayuka: dada, mimi ndiye nitakayepika, Bibi kaniambia nisimame na mwiko siku hiyo, nisikuaibishe! Anataka nimletee kanga mpya.

Nimeshindwa kazi. Sabuni ya leo imeshikana vibaya, ina maji katikati. Bibi anajua pale pana nini. Alijuaje? Na kama anajua, mbona hajawahi kusema?


Jumatano, 7 Agosti

Nimejaza maji chunguni asubuhi, nione. Nusu, hakuna kitu. Nilipopandisha mpaka juu ya tumbo — tone. Likajikusanya pole pole nje ya ufa, likashuka, likafuatwa na lingine.

Nimelia. Hapa naweza kusema. Nimekaa kwenye kibao cha jikoni nikalia, nikamlilia Mama upya kama nimempoteza jana. Mwaka mzima nilikiacha kichafu na kilikuwa kizima. Nimekishika siku mbili, kinavuja.

Mwanvita kanikuta hivyo. Hakunibembeleza, si mtu wa kubembeleza. Kasema chungu cha udongo kipya kikivuja si unakipikia uji mzito ukauunguza, unaziba vitundu? Nikamwambia hiki chuma, nani anapikia chuma uji. Nikakumbuka palepale.

Mama! Mama alikuwa anakipikia uji. Kila mwaka kabla ya kwenda Nyandira kwenye Watakatifu Wote, anapika uji wa mahindi mzito, hakuna anayeula, anauacha uungue mpaka nyumba yote inanuka. Tukimwuliza anasema ndivyo Bibi alivyonifundisha, chungu lazima kinyweshwe. Tukamcheka — Mama anadhani chuma ni udongo! Na upande ule wa sikio la kushoto utando ulikuwa mnene kuliko kote. Ijumaa nililaani ule unene. Niliumenya kwa kisu.

Kwa hiyo hayakuwa masizi. Ilikuwa dawa.

Basi ufa si wangu! Nimeruka nikamshika Mwanvita mikono, ufa si wangu, ufa si wangu. Akaniuliza, sasa unacheza nini, si bado kinavuja?

Mchana nimekoroga uji mzito, nikaupaka kwenye ufa ndani kwa vidole, nikaweka chungu juu ya mkaa. Ukaungua. Nikapaka mwingine. Ukaungua. Mafuta, uji, mafuta. Moshi umejaa mpaka majirani wakauliza kama pana salama. Jioni nimejaza maji. Nimekaa nimekikodolea macho. Hakuna tone! Nimekifuta nje nikakibusu. Leo nimekula.


Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Mji wote uko viwanjani. Mafiga kimya. Mimi nimebaki na chungu.

Nilitaka tu kukiangalia kikiwa na mwanga wa jua, nijipongeze. Alama ya Abeid iko pale, nukta ndogo inang'aa. Ufa ulikuwa unaishia kwenye nukta. Sasa umeipita. Umeipita kwa upana wa kidole gumba.

Nimepaka chaki mwenyewe, huenda naona vibaya. Sioni vibaya.

Nimempigia Abeid, yuko viwanjani na Mwanvita wanatazama ng'ombe. Wamekuja hata hivyo, Abeid kavaa kanzu ya sikukuu na bado kapiga magoti uwanjani kwangu. Ameuliza, umekiweka motoni? Nikasema kidogo. Akanusa ndani ya chungu, akamtazama mkewe. Akasema, dada Jesca, moto mkali, maji, moto tena — hivyo ndivyo unavyoufungulia ufa njia.

Kwa hiyo sasa ni wangu. Walau kipande hiki ni changu.

Anasema kuna jambo moja linalowezekana: atoboe tundu dogo pale ufa unapoishia, ufa ukifika kwenye tundu husimama, hata injini za matrekta hufanyiwa hivyo. Kisha alizibe kwa kijiti cha shaba. Dakika chache tu. Nikamwuliza, litaonekana? Akasema shaba kwenye chuma, lazima ionekane, ni nukta ya njano.

Nukta ya njano ubavuni! Mbele ya Mjomba na watani! Nani atauliza kama chungu ni kizima mbele ya kiraka? Nikasema hapana. Mwanvita akasema Jesca, fikiri. Nikasema nimefikiri. Abeid akainuka akajikung'uta magoti. Akasema basi kipandie maua, usiwapikie watu. Kikijaa mboga ya moto na kikaachia, aliye karibu anaungua vibaya.

Wameondoka. Hata sikuwapa maji.


Ijumaa, 9 Agosti. Nyandira

Nimepanda na fuso lililoshusha kabichi sokoni, linarudi tupu. Chungu miguuni, nimekishika masikio yote mawili njia nzima. Kila shimo la barabara nimelisikia kwenye ufa.

Huku ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Baridi! Scholastika kanipokea chungu kabla sijashuka, kakiweka kichwani, kaondoka nacho akiimba kwenye utelezi wa kijia. Nilitaka kupiga kelele. Nikasema tu, polepole mdogo wangu.

Bibi macho yake sasa yanaona vivuli tu. Ameketi jikoni kwenye kigoda, Bibi Paskalia yule yule, mdomo haujazeeka. Shikamoo. Marahaba, umenenepa, nasikia miguu inavyokanyaga. Akaamuru wengine watoke wakachume maboga. Wakatoka. Akasema, lete.

Nikamwekea. Hakupapasa huku na huku. Mkono umekwenda moja kwa moja ndani, sikio la kushoto, ukashuka. Vidole vikasimama.

"Umeosha."

"Nimeosha, Bibi. Nisamehe. Nilikuwa na haya kiko kichafu."

"Nilikwambia kwenye simu."

"Nilikuwa nimeshaosha."

Akacheka! Nilitegemea kofi. Akacheka mpaka akakohoa, akasema sasa kaa chini, mama yako nilimwambia papa hapa, siku kama ya leo.

Yeye Bibi alikuwa msichana, ndiyo kwanza kaanza kuachiwa jiko. Padre alikuja bila taarifa, chungu kiko motoni kimekauka, mama yake akampigia kelele aongeze maji haraka. Akachota kwenye mfereji, maji ya baridi ya mlimani, akayamwaga. Kikalia, anasema, kama mbwa aliyekanyagwa. Mama yake akapaka uji, akamwambia nyamaza. Siku ya kupokea jina mjomba wao wa wakati huo akauliza, na Bibi akajibu ni kizima. Mama naye akaambiwa, akanyamaza, akajibu ni kizima.

"Na wewe kesho utajibu."

Mama alisimama mbele ya watu wote akijua. Mama, ambaye alitupiga kwa kudanganya habari ya kuni! Sijui nimekasirika au nimefarijika. Vyote.

Nikamwambia Bibi, ufa umesogea. Nimeona kwa macho, fundi kaweka alama, umeipita. Akasema, mama yako naye alisema umesogea. Kila mtu akikipokea anaona umesogea. Nikasema fundi amesema kinaweza kumwunguza mtu. Akauliza fundi ni wa wapi. Nikasema wa Mafiga. Akasema, wa Mafiga amepikia watu wangapi na chungu hiki?

Nimejaribu tena. Nimesema tupikie sufuria, kina Scholastika wana sufuria kubwa za kukodi, chungu tukiweke tu watu wakione. Akasema jina halipikwi kwenye sufuria ya kukodi. Halafu akanishika mkono, akasema kwa sauti nyingine kabisa: Jesca, wakijua ufa ni mimi niliyeupasua, nitazikwa na watani wakicheka. Niache nife kwanza, utasema.

Nimemwambia sawa. Sijui nimemwambia sawa ya nini.


Jumamosi, 10 Agosti

Nimejifungia chumbani kwa Bibi. Nimesema nabadili nguo. Nimeshabadili zamani.

Asubuhi nilikuwa nimeamua. Nilipoamka kichwa kilikuwa kimetulia kabisa: nitasema kweli. Mjomba akiuliza nitasema kina ufa, mzee, tangu zamani, na sitataja nani. Jina liende linakokwenda. Nimesali nikaona amani.

Wamekiweka motoni kabla jua halijatoboa ukungu. Nimewaomba moto uwe mdogo, wakanicheka, mtu wa mjini anaogopa kuni. Nimepaka uji upya kwa ndani, Bibi ananitazama kwa masikio. Maharage yameingia. Maji yameingia — nimehakikisha ni ya moto, nimeyachota mwenyewe. Yamechemka. Nikazunguka upande ule mara nyingi mpaka mtani mmoja, Wilfred, akapaza sauti kwamba mrithi ana njaa mpaka anazunguka chungu kama paka. Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka.

Halafu nikasikia. Chwii. Tone limeangukia makaa. Nikasubiri. Chwii jingine. Hakuna aliyegeuka, watu wanaongea. Ni Bibi tu aliyeinua kichwa. Akavuta kigoda chake, akakisogeza hadi pale, akakaa kati ya watu na chungu, kanga imetanda. Akaanza kuwasimulia kwa sauti kubwa habari za zamani.

Matone yamekuwa ya haraka. Yanafuatana.

Nikaenda kwa Scholastika. Nilikwenda kumwambia, naapa! Alikuwa anakoroga, jasho linamtoka, kanga mpya niliyomletea kaifunga kifuani. Kabla sijafungua mdomo akanisogelea sikioni, akanong'ona: dada, nasikia kama kuna maji yanaunguzwa. Chungu ni kizima kweli?

Mtu mmoja tu. Hakuna mzee, hakuna mtani. Swali la kunong'ona.

Nikasema, "Ni kizima."

Sikuona hata limetoka wapi. Na limetoka laini, bila kutetemeka, kama nimelisema maisha yangu yote. Scholastika akatabasamu. Akasema nilijua, nilikuwa na wasiwasi bure. Akarudi na mwiko wake.

Nimekuja huku kujificha. Naandika haraka haraka, mwandiko wenyewe sijui nitausoma. Nikitoka nikasema kweli mbele ya watu, atajua nimemdanganya uso kwa uso. Nikisema ni kizima... Bibi alisema hivyo, Mama alisema hivyo, na hakuna aliyeungua. Lakini wao hawakukitia kwenye kostiki. Wao hawakuona alama.

Sauti zimepungua uani. Watu wanakaa. Naona kwenye nafasi ya mlango: Mjomba Dominiko amesimama, anakohoa kusafisha koo. Ameniita. Bibi amegeuza uso huku. Scholastika anataka maharage yachemke vizuri wakati wa kuulizwa, amezunguka upande wa sikio la kushoto, amepiga goti, ameinamisha uso kupuliza moto.

Mjomba ameniita tena.